Mmea wa maua usiochanua msimu wake ukifika: dalili, sababu na tiba katika bustani za pwani

Vuli inapokaribia katika miji ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, miasumini iliyotunzwa vizuri hujaa matumba meupe kwenye ncha za matawi, na jioni harufu yake hufika barabarani. Mwenye mwasumini uliobaki na majani matupu kwa kawaida hukimbilia jambo moja, nalo ni kuutilia mbolea. Kwa miaka mingi niliyotunza bustani ya nyumbani, na kwa bustani za jamaa na majirani nilizoitwa kuzitazama, nimeona kwamba mbolea inafaa kufikiriwa mwishoni kabisa, kwa sababu mara nyingi yenyewe ndiyo chanzo cha tatizo. Kabla ya kutia au kunyunyiza chochote, ni lazima kwanza ubainishe ua linakwama wapi: je, matumba hayatokei kabisa, au yanatokea kisha yanadondoka, au yanabaki mtini bila kufunguka, au yanafunguka lakini ua ni dogo na limepauka? Hatua hizi nne zina sababu tofauti, na dawa ya hatua moja yaweza kuharibu nyingine.

Inafaa pia kuelewa nini hasa kinachouamsha mmea katika mazingira yetu. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, mimea mingi huongozwa na urefu wa mchana, unaobadilika kwa saa nyingi kati ya kipupwe na kiangazi. Kwetu mabadiliko hayo ni madogo mno; Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote mwezi wa Desemba na ule mfupi kuliko yote mwezi wa Juni haifiki saa 1. Kinachoiambia mimea yetu mingi kwamba wakati umewadia ni ukame unaofuatwa na mvua, ubaridi kidogo wa kipupwe unaofuatwa na joto, na ukali wa jua baada ya mawingu ya masika kuondoka. Ndiyo maana bustani inayomwagiliwa maji sawasawa kila siku, mwaka mzima, mara nyingi huwa ya kijani kuliko zote mtaani na yenye maua machache kuliko zote: mmea umefutiwa msimu wake.

Majani mengi, matumba hakuna

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi. Mmea una afya, majani yake yanang'aa, matawi yanarefuka kila wiki, na hakuna tumba hata moja. Mmea wa namna hii hauna njaa. Chunguza mambo manne kwa utaratibu huu: jua, chakula, maji na mkasi.

Jua lichunguzwe kwa macho, si kwa kukisia. Mwasumini, mwaridi na bogainvilia huhitaji jua la moja kwa moja lisilopungua saa 5 au 6 kwa siku. Mwembe uliokuwa mdogo ulipopanda bustani miaka 4 iliyopita leo huenda unalifunika kona zima, na ghorofa jipya la jirani laweza kukata jua la asubuhi lote bila wewe kutambua. Kaa nyumbani siku moja, utazame mmea saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Ukiukuta kivulini mara mbili kati ya hizo tatu, sababu umeipata, na hakuna mbolea itakayoziba pengo hilo. Mkilua ni kinyume chake: kwa asili ni mti mdogo wa chini ya miti mikubwa katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na ukiuweka juani penye mchanga mtupu utaunguza majani na kudumaa. (Wataalamu wa mimea waliuita Mkilua fragrans kwa kulichukua jina letu lilivyo, jambo linalonifurahisha kila ninapoliona limeandikwa.)

Chakula kikizidi, hasa naitrojeni, mmea huendelea kujenga majani kwa sababu hauna haja ya kuzaa. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, na haina fosforasi wala potasiamu. Anayeinyunyiza kwenye maua anaagiza majani. Samadi ya kuku iliyo mbichi hufanya vivyo hivyo. Nilijifunza hili kwa mwasumini uliokuwa nyuma ya nyumba ya mama yangu, karibu na mfereji wa maji ya bafuni. Ulikuwa mnene kuliko yote, majani yake makubwa na laini, na kwa misimu miwili haukutoa zaidi ya maua kumi. Tulikuwa tukiutilia samadi kila mwezi tukiuonea huruma, ilhali mizizi yake ilikuwa imelowa usiku na mchana na ardhi yake ilikuwa imeshiba. Tulipougeuza mfereji, tukaacha samadi kwa miezi 5 na kupogoa matawi mwezi wa Agosti, vuli hiyo ulichanua hadi tukawa tunagawa maua kwa majirani waliotaka kutunga vikuba.

Bogainvilia inaonyesha jambo hili waziwazi kwa mtu anayekubali kuinama. Shika tawi changa, uangalie pale jani linapoungana na tawi, katika kwapa lake. Hapo pana kichipukizi kimoja, na kichipukizi hicho chaweza kuwa mwiba au kuwa kikonyo cha maua. Viwili hivi ni kiungo kile kile kilichochukua njia tofauti. Mmea uliopewa kivuli, maji na naitrojeni nyingi hutoa miiba mirefu, kwapa baada ya kwapa. Ukiona miiba mikubwa kwenye matawi yanayokua kwa kasi, umesoma jibu. Acha mbolea, na kama imo chunguni usiimwagilie mpaka majani yaanze kulegea kidogo, ndipo uipe maji ya kutosha hadi yatoke chini. Kisha usubiri tena hadi yalegee. Fanya hivyo kwa wiki 3 au 4. Usistaajabu ikiwa sehemu yenye rangi inadumu wiki nyingi, kwa kuwa hayo ni majani yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kidogo kilichomo katikati.

Mkasi nao hulaumiwa mara chache kuliko inavyostahili. Mwasumini hutoa matumba kwenye ncha za matawi mapya, na mwaridi pia huchanulia kwenye matawi ya msimu huo. Uzio wa bogainvilia unaosawazishwa kila wiki mbili ili ubaki na umbo la ukuta hukatwa ncha zake zote kabla hazijakomaa, na kwa hiyo hauwezi kuchanua hata ukipata jua la kutwa. Kosa la upande wa pili ni kutopogoa kabisa, ambapo matawi yanazeeka, yanakuwa magumu, na maua yanabaki machache juu kabisa. Mimi hupogoa mwasumini theluthi moja ya urefu wake mwishoni mwa kipupwe, yaani Agosti au mwanzo wa Septemba, ili matawi mapya yakutane na mvua za vuli, na kila ua likishamalizika hukata ncha iliyolibeba. Mwaridi ukipogolewa huchukua takriban wiki 6 hadi 8 kufika kwenye ua, kwa hiyo anayetaka maua ya sherehe ahesabu kurudi nyuma kuanzia tarehe ya sherehe.

Vikishatimia vyote vinne, na mmea bado haujatoa kitu, ndipo ufikirie umri wake na upungufu wa chakula. Mche uliotokana na mbegu huhitaji muda mrefu zaidi kuliko uliotokana na tawi la mmea uliokwisha kuchanua, na mtunzaji hana la kufanya ila kungoja. Kwa mmea uliokomaa kwenye kichanga kilichochoka, kijiko kimoja kikubwa cha mbolea ya NPK 17-17-17 (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawa kwa sawa), kikizungushwa mbali kidogo na shina kwenye udongo wenye unyevu mwanzoni mwa mvua, kinatosha kwa kichaka cha kimo cha mtu.

Taa ya usalama na poinsetia

Poinsetia ni tofauti na mimea iliyotajwa hapo juu, kwa sababu yenyewe huongozwa na giza. Ili majani yake ya juu yageuke mekundu, inahitaji mfululizo wa wiki kadhaa za usiku mrefu usiokatizwa na mwanga. Ikipandwa chini ya taa ya usalama inayowaka usiku kucha, au karibu na dirisha la sebule ambamo watu hulala saa 6 usiku, inaweza kubaki kijani mwaka mzima. Jaribio ni rahisi: tazama kama upande usiofikiwa na taa umegeuka mwekundu huku upande wa taa ukiwa kijani. Tiba ni kuizungushia taa kizuizi, kuuhamisha mmea, au kuupatia giza kwa kuufunika. Ieleweke pia kwamba katika kusini mwa ikweta usiku mrefu huja katikati ya mwaka, si Desemba. Zile zinazouzwa nyekundu wakati wa Krismasi hufunikwa na wakuzaji wake kwa kitambaa cheusi muda wa saa 14 hivi kila usiku.

Matumba yanatokea, kisha yanadondoka

Hapa mmea umeshafanya kazi yake, na kitu fulani kimeikatiza. Okota matumba matano yaliyoanguka, uyapasue kwa wembe juu ya karatasi nyeupe. Kazi hii ya dakika 5 huokoa pesa nyingi za dawa.

Ukikuta funza wadogo weupe ndani, hao wametokana na mayai yaliyotagwa na nzi mdogo sana ndani ya tumba likiwa changa. Funza hao humalizia ukuaji wao udongoni, kwa hiyo kunyunyiza dawa juu ya majani hakuwafikii. Kinachowakomesha ni kuokota matumba yote yaliyoanguka kila siku, na pia yale yaliyoanza kuwa ya njano mtini, kuyafunga katika mfuko wa plastiki na kuuacha juani mpaka yaive. Usiyatupe kwenye shimo la mboji. Baada ya wiki 3 za kuokota bila kuruka siku, haibiskasi yangu iliyokuwa ikidondosha karibu kila tumba ilirejea kuchanua.

Ukikuta tundu kwenye tumba, vinyesi vidogo vyeusi, na nyuzi zinazounganisha matumba mawili matatu, tatizo ni kiwavi. Kwenye mmea mmoja wa nyumbani hakuna haja ya sumu. Kata kishada kilichoshikana na ukiponde. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye vikonyo, wafuate, maana wanakwenda kwa vidukari au vidung'ata ambao hufyonza utomvu na kuwapa sisimizi utamu wake. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, kikinyunyiziwa jua likishapoa mpaka kiwafikie wadudu wenyewe chini ya majani, na kurudiwa kila baada ya siku 5 kwa mara tatu, huwatoa. Usinyunyize mchana wa jua kali, kwa kuwa majani yataungua.

Tumba likiwa safi ndani, bila funza wala tundu, basi mdudu hayupo na sababu ni mshtuko. Mmea uliokauka kabisa siku tatu kisha ukafurikishwa, chungu kilichohamishwa kutoka kivulini kwenda juani, upepo wa kusi wenye chumvi unaopiga bustani iliyo karibu na bahari, au mche ulionunuliwa ukiwa na maua baada ya kukuzwa katika ubaridi wa nyanda za juu: vyote hivi humfanya mtunzaji aone matumba chini asubuhi. Weka matandazo ya majani makavu unene wa vidole vitatu, yasiguse shina, na umwagilie kwa kiasi kile kile mpaka maua yamalizike. Ukame wa makusudi nilioueleza kwa bogainvilia ni wa kabla ya matumba. Yakishatokea, usiufanye tena.

Matumba yanabaki yamefumba

Wakati wa masika, tumba la waridi lenye petali nyingi hulowa, petali za nje hushikana kama karatasi iliyotiwa gundi, jua likitoka hukauka na kuwa kahawia, na ua la ndani haliwezi kutoka. Baadaye huota ukungu wa kijivu. Kata matumba hayo, punguza matawi ya katikati ili hewa ipite, na umwagilie shinani asubuhi badala ya kulowesha majani jioni. Katika mwezi wa Aprili wenye mvua nyingi huenda usipate maua mazuri hata ukifanya hayo yote, na ni afadhali kuupogoa mwaridi ili uchanue baada ya mvua kuliko kupambana nayo.

Kiangazi, tumba linalofunguka nusu likiwa na kingo za kahawia na michirizi kwenye petali lina uwezekano mkubwa wa kuwa na vithiripi. Ligonge juu ya karatasi nyeupe, nawe utaona vidudu vyembamba, vya njano au kahawia, vikikimbia. Dawa haipenyi ndani ya tumba lililofumba. Ondoa maua yaliyozeeka upesi kwa sababu ndiyo makazi yao.

Asumini haina shida hii mara nyingi, ila wapo wanaoidhania vibaya. Matumba yake hufunguka jioni na usiku, na maua huanguka siku inayofuata, kwa hiyo anayetoka nje saa 4 asubuhi ataona matumba ya kesho na maua yaliyochakaa, asidhani kwamba mmea unagoma. Wanaotunga koja huyachuma alasiri yakiwa bado yamefumba na meupe kabisa, ili yafungukie uzini. Tumba lenye ukijani halijafika, na likichumwa halifunguki wala halinukii.

Ua dogo, lililopauka, na majani ya njano

Bustani nyingi za pwani zimekaa juu ya matumbawe au mchanga wenye chokaa nyingi, na visima vingi vina maji ya munyu. Mambo haya mawili huharibu maua polepole, na hutatanisha kwa sababu yote mawili huanza na majani kubadilika rangi. Yanatofautishwa hivi. Ikiwa majani machanga ya juu yamekuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani iliyochorwa, mmea umekosa chuma. Kwa kawaida chuma kimo udongoni, lakini chokaa inakizuia kisifike kwenye mizizi. Ikiwa ni majani makubwa ya chini yanayokauka ncha na kingo kwa rangi ya kahawia, hiyo ni chumvi. Na ikiwa ni majani ya chini yanayokuwa ya njano yote, bila michoro, ndipo kweli naitrojeni imepungua.

Kwa ukosefu wa chuma, wengi hushauriana kutia majivu ya jikoni, kwa kuwa majivu yana potasiamu na husifiwa kwa kuleta maua. Kwenye udongo wa asidi wa nyanda za juu ushauri huo una msingi. Kwenye matumbawe ni kosa, kwa sababu majivu yanaongeza ile ile hali ya chokaa inayokifunga chuma, na nimeona miwaridi ikizidi kugeuka njano wiki chache baada ya kutiwa. Chimba shimo pana, ujaze mboji na udongo mwekundu ulioletwa kutoka bara, na kwa haraka unyunyizie mbolea ya majani yenye chuma. Mwaridi ulio na thamani kwako ni heri ukae katika chungu kikubwa kuliko kushindana na jiwe.

Kwa chumvi, onja maji ya kisima mwishoni mwa kaskazi, mvua zikiwa bado hazijanyesha, maana wakati huo kina cha maji hushuka na munyu huongezeka. Chungu chenye ukoko mweupe ukingoni kimeshajaa chumvi. Kimwagie maji mengi matamu, mara tatu mfululizo, yapite na kutoka chini. Kingia maji ya paa wakati wa masika na uyatenge kwa ajili ya mimea dhaifu. Bogainvilia huvumilia munyu kiasi, ila mwaridi hauvumilii.

Kuna pia mwaridi unaobadilika wenyewe: uliununua ukiwa na maua makubwa mekundu, na baada ya mwaka mmoja unatoa fimbo ndefu zenye majani madogo, yenye vijani vingi zaidi, na maua madogo ya rangi nyingine au hakuna kabisa. Miche mingi ya vitalu imebebeshwa juu ya shina mama la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Tafuta uvimbe wa mahali pa kubebesha, karibu na udongo. Fimbo inayotoka chini ya uvimbe huo ing'oe kwa kuivuta kutoka pale inapoanzia, kwa sababu ukiikata tu itachipua tena. Fimbo hizo zikiachwa, zinalinyima chakula waridi ulilonunua mpaka life.

Mimea isiyo ya hapa

Haidrenjia inayochanua vizuri Lushoto au Limuru haitafanya hivyo Dar es Salaam, kwa sababu inahitaji ubaridi ili itengeneze matumba, na jakaranda inayoupamba mji wa Nairobi karibu na Oktoba huwa dhaifu wa maua katika unyevunyevu wa pwani. Tiba hapa ni kuchagua mmea mwingine.

Kitunguu cha mvua za kwanza

Limebaki moja, nalo ni lile ua jekundu la mviringo, mfano wa mpira wenye sindano, linalochomoza ardhini mvua za mwanzo zinaponyesha, mara nyingi kabla ya majani yake kukamilika. Linatokana na kitunguu cha asili ya Afrika, kiitwacho kitaalamu Scadoxus multiflorus, ambacho hulala kiangazi chote na chenye sumu kikiliwa, kwa hiyo watoto na mbuzi wasikifikie. Kisipochanua, sababu ni mojawapo ya hizi: kilimwagiliwa maji wakati wa kulala kikaoza, majani yake yalikatwa yakiwa bado kijani hivyo hakikuweka akiba ya mwaka unaofuata, au kilihamishwa na kinahitaji msimu mzima kujituliza. Fukua taratibu kwa mkono. Kikiwa kigumu kirudishe ukingoje, na kikiwa laini chenye harufu kitupe mbali na vingine. Majani yakishanyauka yenyewe, weka jiwe mahali kilipolala, ili jembe la mwezi wa Februari lisikikate.